Mwanga Kwenye Kidevu cha Janeffer

Aliyekosa gazeti la juma lililopita asiwe na wasiwasi. Habari yenyewe ni fupi, na ni ya aibu.

Janeffer, mke wa Gibson, fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja cha majani chai upande wa Litein, alianza kuota ndevu alipopita miaka thelathini. Si nywele mbili tatu za kung'oa kwa kucha. Ndevu za kuonekana, kidevuni na chini ya taya. Akawa anaamka kabla ya watu, anajifungia bafuni na wembe wa mumewe, kisha anatoka amejipaka mafuta kana kwamba hakuna kitu. Wembe ukamwachia vipele. Akajaribu krimu ya chemisti. Ikamwachia ngozi inayowasha na harufu iliyomfanya Gibson aulize kama kuna yai limeoza jikoni.

Ndipo rafiki yake Nyathira, mwenye saluni mjini Kericho, akamnong'oneza kuhusu mashine. Dada yake Nyathira, Shirley, anafanya usafi katika nyumba ya urembo huko Uingereza. Mashine ilipochakaa kidogo wakaitoa, naye akamtumia Nyathira. Mashine ya mwanga. Unapigwa mwanga, unywele unakufa na mzizi wake, wembe unausahau.

Gazeti la juma lililopita lilituacha pale Nyathira alipobisha mlango wa jikoni Jumamosi moja asubuhi, amebeba sanduku lililofunikwa leso. Tuingie naye.

Gibson alikuwa kazini. Binti yao Dorine, aliyekuwa nyumbani kwa likizo ya Agosti, alikuwa ametumwa kusaga mahindi. Chepkemboi, msichana wa kazi, alikuwa mtoni akifua nguo.

"Funga pazia," Janeffer alisema.

"Nikifunga nitaona aje?"

"Funga tu. Taa si iko?"

Nyathira aliiweka mashine mezani, kubwa kama cherehani, akachomeka waya. Ikaanza kuvuma. Ilikuwa na mkono wa kushika, na mbele ya ule mkono kioo kidogo cha mraba. Ndani ya sanduku mlikuwa na miwani myeusi, jozi moja tu. Nyathira akaivaa yeye.

"Na mimi?"

"Wewe funga macho. Shirley alituma hii moja."

Nyathira akamshika mkono, akaukunja mkono wa sweta. "Shirley alisema tujaribu hapa kwanza. Mahali padogo. Halafu tungoje siku kadhaa tuone ngozi itasema nini."

"Nyathira, ndevu haziko mkononi."

"Lakini alisema hivyo."

"Kesho Baba Dorine anawekwa mzee wa kanisa. Nitasimama naye mbele ya watu wote. Unataka nisimame na hii kitu?"

Alijigusa kidevu. Hakuwa amenyoa tangu Alhamisi, akidhani mwanga unataka nywele ndefu ili uzione vizuri. Hakuuliza mashine ile ilikuwa imetumika kwa nani kabla yake. Hakutaka kusikia jibu ambalo lingemrudisha kwa wembe.

"Basi fumba macho," Nyathira akasema.

Hata kwa macho yaliyofumbwa, Janeffer aliona weupe. Kisha maumivu yakaja, kama tone la mafuta yanayokaanga chapati. Chumba kikanuka kichwa cha mbuzi kinachobabuliwa.

"Inachoma?"

"Endelea."

"Mama Dorine, naona moshi."

"Nimesema endelea."

Nyathira akaendelea, mraba kando ya mraba, kutoka sikio hadi sikio. Janeffer alishika kiti kwa mikono yote miwili, machozi yakimtoka, na moyoni alikuwa na furaha. Alijiambia kwamba kitu kinachouma namna hii lazima kinafanya kazi.

Walikuwa wamebakisha chini ya taya waliposikia buti za Gibson uani. Alikuwa amerudi kuchukua suti aipeleke kwa dobi.

Nyathira alitoka kwa mlango wa nyuma bila hata leso yake. Janeffer aliikumbatia mashine, ikiwa bado moto, akaingia nayo chumba cha kwanza kilichokuwa wazi. Kilikuwa cha Dorine. Akaisukuma chini ya kitanda.

Aliporudi sebuleni Gibson alikuwa amesimama katikati ya nyumba, ananusa hewa.

"Kumeungua nini?" Kisha akamwona uso. "Mama Dorine, umefanya nini hapo?"

Janeffer akagusa kidevu. Ngozi ilikuwa imeinuka malengelenge, laini kama utando wa maziwa.

"Maziwa," akasema.

"Maziwa yamefanya nini?"

Wakati huohuo mlango wa jikoni ukafunguliwa. Chepkemboi akaingia na beseni la nguo kichwani, maji yakimtiririka hadi viwiko.

Mpaka leo Janeffer hawezi kueleza kwa nini ulimi wake ulikimbilia pale. Angeweza kusema alijimwagia mwenyewe. Neno lilikuwa rahisi vilevile.

"Ni huyu," alisema. "Aligeuka na sufuria bila kuangalia."

Chepkemboi alimtazama, kisha akamtazama Gibson. "Mimi, Mama?"

"Nenda ukaanike nguo."

Msichana akaenda kuanika nguo.

Kesho yake kidevu kilikuwa kimegeuka cheusi kwa vipande, miraba iliyopangana kama vigae. Janeffer akajifunga kitambaa kutoka kichwani hadi chini ya kidevu, kama mtu anayeumwa na jino. Hivyo ndivyo alivyosimama kanisani kando ya mumewe wakati wazee wakimwekea mikono. Alikuwa ametaka watu wautazame uso wake siku ile. Waliutazama.

Baada ya ibada wanawake walimzunguka.

"Pole, Mama Dorine. Tumesikia ni maziwa moto."

"Ni maziwa."

"Hawa wasichana wa kazi. Akili yao iko wapi?"

Janeffer akatikisa kichwa pamoja nao. Alitikisa tu, anasema, lakini shingo yake ndiyo iliyotikisa, si ya mtu mwingine.

Mzee mmoja akamvuta Gibson kando ya ua. Janeffer hakusikia yote. Alisikia mwisho: "Leo ni mama, kesho ni mtoto. Mimi singemlaza tena kwangu."

Gibson si mtu mkali. Alasiri ile alimwita Chepkemboi sebuleni, akamwambia akae. Msichana hakukaa.

"Chepkemboi, sisi hatuna ubaya na wewe. Lakini hii imekuwa kubwa. Kesho utaenda nyumbani, Siongiroi, upumzike na wazazi wako."

"Baba, mimi nilikuwa mtoni."

"Mama amesema ulikuwa na sufuria."

"Nilikuwa mtoni na nguo. Uliza Mama."

Gibson akageuka. Dorine naye, aliyekuwa ameketi na kitabu dirishani, akainua macho. Watu watatu wakamtazama Janeffer, naye alikuwa ameshika kikombe cha chai ambacho hangeweza kukinywa, maana midomo ilikuwa haifunguki vizuri.

"Mama Dorine?" Gibson aliuliza. Alimpa nafasi. Aliuliza polepole, akangoja.

"Aende tu," Janeffer akasema. "Apumzike."

Jumatatu asubuhi Chepkemboi alitoka na mfuko wake mmoja. Alikuwa amefagia jikoni na kuwasha moto. Mlangoni alimpa Janeffer mkono, mkono wa kushoto ukishika kiwiko cha kulia, kama anavyofundishwa mtoto wa watu wenye heshima.

"Asante kwa kukaa na mimi, Mama," akasema.

Janeffer alisimama mlangoni mpaka kichwa cha yule msichana kikazama nyuma ya majani chai. Mara mbili alifungua mdomo amwite. Mara mbili akaufunga. Alijiambia: kidevu kikipona, nitamrudisha, na hakuna atakayejua kitu.

Kidevu hakikupona. Na mashine bado ilikuwa chini ya kitanda.

Jumatano, saa za adhuhuri, Janeffer alikuwa shambani nyuma ya nyumba akichuma sukuma wiki aliposikia Dorine anaita. Hakupiga kelele. Aliita kwa sauti ndogo, ya mtu anayeogopa kujisikia mwenyewe.

"Mama. Mama, kuja. Jicho."

Alimkuta ameketi sakafuni chumbani kwake, mkono kwenye jicho la kushoto. Mashine ilikuwa kitandani, inavuma. Kati ya nyusi palikuwa na mraba mmoja uliovimba.

"Dorine, umefanya nini?"

"Nilitaka kutoa hizi za katikati. Huko shule wananiita bundi."

"Nani alikwambia ni ya kutoa nywele?"

Machozi yalimtoka Dorine jicho moja tu, lile bovu.

"Niliwaona, Mama. Nilirudi kuchukua gunia, nikawaona kwa mlango. Nilijua wewe ndiyo unajua."

Janeffer akazima mashine. Akachomoa waya. Kwa hiyo Jumapili ile, Chepkemboi aliposema alikuwa mtoni, Dorine alikuwa anajua. Mtoto alikuwa anamtazama mama yake akidanganya, na alikuwa amenyamaza kwa ajili yake.

Hospitali mjini Kericho walipokewa na daktari aitwaye Mokaya, mtu mpole mwenye miwani minene. Gibson aliwakuta huko, bado amevaa ovaroli yenye grisi. Daktari alimulika jicho la Dorine kwa kurunzi ndogo, na msichana akaruka kama amechomwa sindano.

"Huu si ugonjwa," daktari alisema. "Hili jicho limepigwa na mwanga mkali. Mwanga gani?"

Dorine akalifunika jicho kwa kiganja.

"Ni mashine ya kuchomelea?" Gibson aliuliza. "Lakini mimi sina mashine ya kuchomelea nyumbani. Dorine, ulikuwa wapi?"

Dorine alimgeukia mama yake kwa lile jicho zima. Hakumwomba kitu. Alikuwa tayari kudanganya, na alikuwa anangoja kuambiwa uongo gani.

Hapo ndipo Janeffer alipoinua mikono na kufungua kile kitambaa.

Daktari akaangalia kidevu. Gibson naye akaangalia. Kwa mara ya kwanza tangu apite miaka thelathini, Janeffer alikaa mbele ya mumewe mchana kweupe, ndevu zake zimeanza kuota kati ya vidonda, na hakujifunika.

"Ni mashine ya kuondoa nywele," alisema. "Ya mwanga. Nyathira aliniletea. Niliificha, mtoto akaiona."

"Alivaa kinga ya macho?"

"Hapana."

"Ni wewe ulimpigia karibu na jicho?"

"Alijipigia mwenyewe. Lakini mimi ndiye nilimfundisha, bila kujua."

Daktari Mokaya akavuta kiti, akakaa karibu nao. "Mama, hii mashine inatafuta weusi. Mwanga unaingia kwa unywele kwa sababu ni mweusi, unageuka joto, unaua mzizi. Sasa ngozi yako nayo ni nyeusi. Mwanga haujui kuchagua. Unashika ngozi vilevile. Na hapa katikati ya jicho kuna weusi pia, kwa hivyo haupigwi karibu na jicho hata kidogo. Hata mzungu, ambaye hizi zimetengenezewa, huwa ananyoa kwanza, anavaa miwani, anajaribiwa pahali padogo, halafu anangoja. Nani alijaribu yenu?"

"Hakuna."

"Yule rafiki amefanyia watu wangapi?"

Janeffer alikuwa amempigia Nyathira simu asubuhi ileile kutoka duka la jirani, akimlaumu kwa ajili ya kidevu. Nyathira alilia, akasema ukweli. Basi Janeffer akaurudia ukweli ule hapo.

"Mimi nilikuwa wa kwanza."

Daktari akaandika dawa ya matone. Alisema Dorine atafungwa lile jicho, akae mahali pasipo na jua, na kwamba baada ya juma moja ndipo atajua kama litaona kama zamani. Alisema bila kulaumu. Kisha akamwambia Janeffer jambo ambalo hakuwahi kuambiwa na mtu.

"Hizo nywele wanawake wengi wanazo. Nawaona hapa kila wakati, wote wamejifunga vitambaa. Wakati mwingine ni mambo ya homoni, tunaweza kupima. Wembe wako haukuwa na ubaya. Ukipona, utumie mpya, na sabuni, na usikwaruze."

Nje, kwenye benchi la ukumbini, Dorine alilala amemwegemea baba yake. Janeffer alikaa upande wa pili. Alitaka Gibson aongee, na aliogopa ataongea.

"Nyembe ni mimi nanunua," Gibson alisema mwishowe. Alikuwa anatazama ukuta. "Mimi nanyoa Jumapili peke yake. Nanunua pakiti, Ijumaa hazipo. Ulidhani nadhani zinaenda wapi?"

Janeffer akahisi damu yote imempanda usoni, juu ya vile vidonda.

"Ulikuwa unajua."

"Miaka mingi. Nilinyamaza kwa sababu wewe ulinyamaza. Nilifikiri siku utataka kuniambia, utaniambia. Ndevu si neno, Mama Dorine."

Akainama akalisogeza vizuri blanketi mabegani mwa mtoto. Alipoongea tena, sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Yule msichana alikuwa mtoni."

"Alikuwa mtoni."

"Nilikuuliza mbele yake."

"Uliniuliza."

"Siku niliyowekewa mikono, nilitoka kanisani nikafukuza mtoto wa watu kwa uongo." Alisema kana kwamba anajisomea mwenyewe. "Mimi nitaenda kwa wazee, niwaambie nilisema kitu ambacho si kweli. Wakitaka kuniondoa, wataniondoa. Wewe utaenda Siongiroi."

"Twende pamoja, Baba Dorine. Nakuomba."

"Hapana. Maneno ni yako. Peleka mwenyewe."

Jumamosi Janeffer alishuka Siongiroi bila kitambaa. Soko lilikuwa limejaa, ng'ombe wanauzwa kando ya barabara, na watu walimtazama kidevu waziwazi, watoto hasa. Mwanamke mmoja muuza mtama alimwita amwonyeshe mganga. Aliendelea kutembea. Aibu hii, anasema, alikuwa anaistahili, na hiyo ndiyo sababu aliweza kuibeba.

Baba yake Chepkemboi, Mzee Johana, alikuwa anakarabati ua wa boma la ndama. Alikuwa mtu mrefu, mwenye sweta la shule lililoachwa na mmoja wa watoto wake. Alimjua Janeffer mara moja, akaweka panga chini, akajipangusa mikono, akamsalimu.

"Chamgei, mama."

"Chamgei mising, Mzee."

"Karibu. Umeungua?"

"Nimeungua. Ndiyo maana nimekuja."

Alimletea kigoda. Janeffer hakukikalia. Alikuwa amerudia maneno njia nzima na alijua kwamba akikaa, akipewa chai, akiulizwa habari za mvua, atapata njia ya kuyameza. Akasimama pale kwenye samadi ya ndama na kuyatoa yote. Mashine. Kidevu. Maziwa ambayo hayakuwepo. Binti yake Johana akiingia na beseni la nguo, na kidole cha Janeffer kikimwelekea.

"Hakufanya kitu chochote, Mzee. Alikuwa mtoni. Mimi ndiye nilisema uongo, na mume wangu akamwondoa kwa sababu ya huo uongo. Nimekuja kumwomba msamaha mbele yenu. Akikubali kurudi, nitashukuru. Akikataa, bado nitakuwa nimesema."

Johana alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Hakuonekana kukasirika. Alionekana kama mtu anayejaribu kusikia kitu kilicho mbali.

"Mama," akasema, "kuna kitu sijaelewa. Unasema alitoka kwako lini?"

"Jumatatu asubuhi. Baba Dorine alimpa nauli."

"Jumatatu hii?"

"Hii iliyopita."

Johana aligeuka akatazama nyumba yake, kisha njia, kisha akamtazama tena Janeffer.

"Hapa hajafika," akasema.

Janeffer akakitafuta kile kigoda kwa mkono, akakikosa.

Mlango wa jikoni ukafunguliwa. Mama yake Chepkemboi akatoka na kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando ya kukaribisha mgeni, akitabasamu, akinyoosha shingo kutazama nyuma ya mgeni, njiani, kama kuna mtu mwingine aliyekuwa anachelewa kupanda kilima.

"Mama Dorine, umekuja peke yako?" aliuliza. "Chepkemboi umemwacha na nani?"

Johana alimwachia Janeffer ajibu.